Waya wa klachi: kuubadilisha, na kuacha pengo linalotakiwa

Mvua za masika zikishika, safari ya bodaboda kutoka Ifakara kupitia Mbingu na Mngeta hadi Mlimba humchosha dereva mkono wa kushoto kuliko miguu. Kila dimbwi na kila utelezi anaminya klachi, anaachia, anaminya tena. Kazi yote hiyo inabebwa na waya mmoja mwembamba. Ukikatika jioni, mbali na fundi, huku umepakia mgonjwa anayewahishwa hospitali, unakuwa na shida mbili kwa mpigo.

Waya huu haukatiki ghafla kama wengi wanavyodhani. Ndani ya ganda lake kuna nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja, na zinakatika moja baada ya nyingine. Mkono wa klachi unakuwa mzito, au unakwaruza unapouminya. Vuta mpira ulio karibu na mkono uchungulie: ukiona nyuzi zimechomoza kama manyoya, nunua waya mpya leo. Mara nyingi unakatikia hapo juu, kwenye kile kichwa cha duara kinachokaa ndani ya mkono. Kichwa hicho kinatakiwa kuzunguka kila unapominya. Kikikauka na kujaa vumbi, hakizunguki tena, na waya unapindwa mahali pale pale mpaka unachoka. Grisi kidogo sana, ya kujaa ncha ya kidole, ingeuongezea waya huo miezi.

Kabla ya kufungua chochote, zima injini iache ipoe, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, kisha chukua simu upige picha njia ambayo waya unapita. Chini ya tangi kuna vishikizo ambavyo ni rahisi kuvisahau. Nenda dukani na waya wa zamani mkononi, kwa sababu pikipiki mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na nyaya za urefu tofauti.

Kwenye mkono wa klachi kuna skrubu ya kurekebishia na nati yake. Legeza nati, zungusha skrubu iingie mpaka mwisho, kisha panga mifereji ya skrubu, nati na kishikio iwe kwenye mstari mmoja ili waya upite. Chini kwenye injini, legeza nati mbili zinazoushika waya, uchomoe kwenye mkono mdogo wa injini. Baada ya hapo utauchomoa juu bila kulazimisha. Waya mpya uninginize wima, udondoshee oili ya injini kwa juu mpaka uione ikitokeza chini. Kisha upitishe njia ile ile ya kwenye picha, usiguse ekzosi wala kupindwa kwa kona kali.

Sasa kwenye kurekebisha, ambako wengi wanaharibu. Dereva anapenda klachi iliyokaza, inayoitika ukiigusa tu. Lakini waya uliokazwa mno ni sawa na kuminya klachi kidogo muda wote: pleti hazishikani sawasawa, zinateleza na kuungua. Utaligundua hilo ukipanda mlima wa Mahenge na magunia mawili ya mpunga. Injini inaunguruma, pikipiki haiongezi mwendo, na unasikia harufu ya kuungua. Waya uliolegea mno nao hauachanishi pleti vizuri, kwa hiyo gia zinaingia kwa kishindo na pikipiki inavuta mbele hata ukiwa umeminya.

Kinachotakiwa ni pengo. Kwa pikipiki nyingi za huku, ncha ya mkono wa klachi isogee kama sentimita moja hadi mbili kabla hujahisi uzito. Anza na nati za chini upate pengo la karibu, malizia kwa skrubu ya juu, kisha kaza nati zote. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia. Pengo likibadilika, waya umebanwa mahali. Rudia njia yake. Waya mpya hutanuka kidogo, kwa hiyo pima tena baada ya siku chache.

Ukiona pengo linapungua lenyewe bila mtu kugusa skrubu, usifurahi kwamba klachi imekaza. Kwa pikipiki nyingi hiyo ni dalili kwamba pleti zinaisha. Na kubadilisha pleti ni kufungua ubavu wa injini, gharama ambayo haifanani hata kidogo na ya waya.

Madereva wa bajaji nao wasione haya hayawahusu. Skuta nyingi mpya hazina mkono wa klachi, lakini bajaji unao, na waya wake ni mrefu zaidi kwa sababu unatoka kwenye usukani hadi injini iliyo nyuma, ukipita chini ambako tope linarukia. Unahitaji kukaguliwa mara nyingi zaidi wakati wa mvua.

Je, ukikatikia porini? Mshushe abiria, mtafutieni usafiri mwingine. Weka nyutro, washa injini, sukuma pikipiki kwa miguu mpaka iwe inatembea, kisha ingiza gia ya kwanza ukiwa umepunguza mafuta. Itashtuka kidogo halafu itaendelea. Unapobadilisha gia, achia mafuta kwanza. Ukitaka kusimama, rudisha nyutro mapema kabla ya breki, la sivyo injini itakusukuma au itazima. Nenda taratibu, pembeni mwa barabara, mpaka kwa fundi wa karibu. Njia hii haifai sokoni wala mahali penye watu na magari mengi. Ukifika hapo, zima uikokote.