Mchezo wa Bao na Akili za Wazee

Kuzeeka si kudhoofika kwa viungo peke yake. Ubongo nao hubadilika kadiri umri unavyosonga: majina hupotea ulimini, jambo la jana husahaulika upesi kuliko la miaka arobaini iliyopita, na hesabu iliyokuwa rahisi huhitaji muda mrefu zaidi. Kwa muda mrefu wataalamu wa afya wamejiuliza iwapo ubongo wa mzee waweza kupewa mazoezi kama mwili unavyopewa. Sehemu ya jibu haiko mbali na macho ya Watanzania. Iko barazani na chini ya miti, mahali wazee wanapokutana kucheza bao.

Gairo ni mji ulioko kando ya barabara kuu iendayo Dodoma kutoka Morogoro, karibu na milima ya Ukaguru. Hadi mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa. Tangu hapo ni makao ya wilaya yake yenyewe. Wenyeji wake wengi ni Wakaguru, lakini barabara na biashara zimewaleta watu wa makabila mengi. Katika miji ya namna hii bao lina faida ya pekee: halihitaji umeme, wala fedha, wala kiwanja. Ubao uliochongwa ukikosekana, vishimo huchimbwa ardhini, na kokoto hutumika badala ya kete.

Ubao na kete zake

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaliyopangwa katika safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake, yaani mashimo 16. Kete ni 64. Pwani hutumiwa komwe, mbegu ngumu za mkomwe, ambao ni mmea wenye miiba uitwao na wanasayansi Caesalpinia bonduc. Mchezo huu una ndugu zake katika Afrika Mashariki: Waganda wanacheza omweso, ambao pia una mashimo 32 na kete 64, na Wamalawi wana bawo.

Mchezo una hatua mbili. Ya kwanza ni namua. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni: sita katika shimo kubwa liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kando yake. Nyingine 22 hubaki mkononi, naye huziingiza ubaoni moja moja kila zamu yake inapofika. Mwanafunzi anaweza kuhakiki hesabu hiyo: kete 20 zilizoko ubaoni mwanzoni, ukijumlisha 44 zilizoko mikononi mwa wachezaji wawili, ni 64. Kete za mkononi zikiisha, hatua ya pili, iitwayo mtaji, huanza. Kete zinazoliwa hazitolewi nje, bali hupandwa upande wa mlaji. Kwa hiyo jumla ya 64 haibadiliki hadi mwisho. Anayeishiwa kete zote za safu yake ya mbele, au asiyeweza tena kucheza, ndiye aliyeshindwa.

Hesabu iliyojificha

Mtazamaji asiyeujua mchezo huona mikono inayozunguka haraka tu. Lakini ndani ya mzunguko huo mna hesabu. Tuseme mashimo 16 ya mchezaji mmoja yamepewa namba 1 hadi 16 kufuata mwelekeo wa kupanda kete. Akichota kete 5 kutoka shimo namba 14, kete zitaanguka katika mashimo ya 15, 16, 1, 2 na 3. Kwa hesabu, 14 na 5 ni 19. Toa 16, inabaki 3. Hiyo ni hesabu ya mzunguko, ile ile inayotumika katika kusoma saa ya ukutani.

Kazi haiishii hapo. Katika zamu isiyo ya kula, iitwayo takata, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, zote huchotwa na safari huendelea. Ikiwa shimo la 3 lilikuwa na kete 4, sasa zina 5, nazo zitamfikisha mchezaji shimo la 8. Huko nako, likiwa tupu, kete hulala na zamu huisha. Likiwa na kete, safari huendelea tena. Kila shimo linalopitwa limeongezewa kete moja, kwa hiyo picha ya ubao hubadilika wakati hesabu ikiendelea. Mchezaji hodari hulazimika kuiona picha hiyo mpya akilini kabla hajagusa kete yoyote, na kuilinganisha na picha ya njia nyingine aliyoiacha. Mholanzi Alex de Voogt, aliyefanya utafiti wake kwa mabingwa wa Zanzibar, aliandika tasnifu juu ya umahiri huo katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995.

Wanasaikolojia huuita uwezo huo kumbukumbu ya kazi, yaani nguvu ya kushika mambo kadhaa akilini kwa muda mfupi huku yakichambuliwa. Ni miongoni mwa nguvu za ubongo zinazopungua mapema mtu azeekapo. Hivyo mzee anayecheza bao huitumia kwa bidii nguvu ile ile ambayo umri unampunguzia.

Matokeo ya utafiti

Mwaka 2003 jarida la tiba la Marekani, The New England Journal of Medicine, lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa New York kwa watu 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75. Walifuatiliwa kwa muda wa kati wa miaka mitano hivi, na 124 kati yao walipatwa na demensia, yaani maradhi yanayoharibu kumbukumbu na fikra. Waliokuwa wakisoma, wakicheza michezo ya ubao, wakipiga ala za muziki au kucheza dansi walipatwa na maradhi hayo kwa kiasi kidogo kuliko wenzao.

Hata hivyo, msomaji wa sayansi hana budi kuwa mwangalifu. Mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limesababisha jingine. Huenda mchezo unaulinda ubongo. Lakini huenda pia mtu ambaye maradhi yamekwisha kumwanza kimyakimya huacha kucheza kwa sababu mchezo umemshinda. Kwa hiyo haifai kusema kwamba bao huzuia au huponya demensia.

Tanzania yenyewe ina ushahidi wa karibu zaidi. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba watu wapatao 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Huko huko Hai wagonjwa 34 walishirikishwa katika vikao 14 kwa muda wa wiki saba. Katika vikao vya namna hiyo wagonjwa huketi kwa kikundi, wakazungumza, wakafanya shughuli za pamoja na kuchangamsha fikra. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2017 ilieleza kwamba fikra zao zilipata nafuu, na wasiwasi wao ukapungua. Tiba hiyo haikuhitaji dawa wala mitambo ya gharama. Jambo hili ni zito, kwa maana katika jamii nyingi usahaulifu wa mzee huchukuliwa kuwa ni uzee tu, au, vibaya zaidi, huhusishwa na uchawi, na mgonjwa akaachwa peke yake au akateswa.

Baraza na upweke

Bao halichezwi kimya. Wachezaji ni wawili, lakini watazamaji ni wengi, nao hushauri, hucheka na kutaniana. Mzee aliyekaa hapo husikia habari za mvua, bei ya mahindi na msiba wa jirani. Asipoonekana siku mbili, wenzake humwulizia. Upweke ni adui wa afya ya mzee, na baraza la bao huuzuia bila mtu kupanga.

Kasoro zipo pia. Kwanza, baraza hilo kwa kawaida ni la wanaume. Bibi aliyelemewa na kulea wajukuu hana nafasi hapo, ingawa ubongo wake una haja ile ile. Kwake vitendawili, hadithi na ngoma vina thamani kubwa. Na ifahamike kwamba katika utafiti wa New York dansi ndiyo iliyokuwa shughuli pekee ya mwili iliyoambatana na upungufu wa demensia. Pili, bao ni mchezo wa kukaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi watembee au wafanye shughuli nyingine za mwili zenye nguvu ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha mizani ya mwili siku tatu au zaidi, ili wasianguke. Kwa hiyo mzee anayekwenda barazani kwa miguu na kurudi amefanya vema kuliko anayeletewa ubao mlangoni. Tatu, wapo wanaoliona bao kuwa ni mchezo wa wavivu. Lawama hiyo yaweza kumfaa kijana anayekimbia shamba. Haimfai mtu ambaye amekwisha kulima miaka hamsini.

Kazi kwa wanafunzi

Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi zoezi la kuchora ubao, kuyapa mashimo namba, na kutabiri mahali kete ya mwisho itakapolala kabla ya kuzipanda. Wakisha kutabiri mara ishirini, wahesabu mara walizokosa, kisha wamwombe mzee wa mtaani atabiri ubao ule ule. Katika mitaa mingi mwanafunzi atashindwa. Hapo atakuwa amejifunza hesabu ya mzunguko, na mzee atakuwa amepata mwanafunzi, jambo ambalo hakuna kidonge kinachoweza kumpa.