UZI: Kunyimwa hifadhi si sawa na kurudishwa kwenu

Kila mdahalo wa usalama ukianza, lazima mtu aseme: "Aliomba hifadhi, akakataliwa, si arudi kwao? Korti inaingilia nini?" Juzi nimesikia hoja hiyo mara tatu kwa kipindi kimoja cha redio na hakuna aliyeijibu. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si wakili, lakini hili tumelichambua darasani. Hebu tuelewane.

Hapa Kenya ombi la hifadhi huamuliwa na Kamishna wa Wakimbizi, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Akikukataa, unaenda kwa kamati ya rufaa. Ikikukataa pia, ndio sasa unaingia Mahakama Kuu.

Na jaji hafanyi vile watu hudhani. Kwa mapitio ya mahakama, kazi yake si kugawa hifadhi. Anauliza: huyu mtu alisikizwa? Alielewa lugha aliyohojiwa nayo? Alipewa sababu kwa maandishi? Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo kila mtu, si kila raia. Kama taratibu zilirukwa, uamuzi unafutwa na faili inarudi ofisini iamuliwe upya. Anaweza hata kukataliwa tena!

Sasa hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Kupewa hifadhi ni kitu kimoja, kutorudishwa kwenye hatari ni kingine. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mkimbizi mahali maisha au uhuru wake uko hatarini, ingawa unaacha mwanya kwa mtu aliye tishio kwa usalama wa nchi. Huo mwanya ndio hupendwa sana kwa mikutano. Lakini Mkataba wa Kupinga Mateso, kifungu cha 3, hauna mwanya wowote. Kukiwa na sababu za kutosha kuamini utateswa ukirudi, hurudishwi, hata kama hujawahi kuitwa mkimbizi. Katiba yetu nayo, kifungu cha 25, inasema uhuru dhidi ya mateso hauwekewi mipaka.

Si maneno ya vitabuni tu. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba itafunga kambi ya Dadaab. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema hapana, hatua hiyo inavunja Katiba na kanuni hiyo ya kutorudisha watu hatarini. Kesi haikuhusu mtu mmoja aliyekataliwa, lakini kanuni ni ileile.

Halafu kuna upande mwingine. Oktoba 2024 wakimbizi wanne raia wa Uturuki walichukuliwa Nairobi, na wizara ikathibitisha kwamba wamerudishwa kwao. Ukishapandishwa ndege, rufaa yako inabaki karatasi. Ndio maana kitu cha kwanza wakili huomba ni oda ya kusitisha safari hadi kesi isikizwe.

Kusema ukweli, wanaolalamika kwamba kesi zinakaa sana wana hoja. Zinakaa, na wako wanaokata rufaa ili kununua muda. Lakini dawa yake ni kuongeza maafisa na wakalimani, uamuzi wa kwanza utoke mapema na uwe umeandikwa vizuri. Kwa hivyo mgombea akikwambia korti zinalinda wahalifu, muulize: ni hatua gani kati ya hizi anataka kuondoa, na akiiondoa, nani atagundua kosa kabla ndege haijaruka?