Je, Wajua? Mawe ya Katavi Yana Mambo!

Je, wajua kwamba treni ya Mpanda haikuletwa kwa ajili yako wewe abiria? Reli ile ya kilomita 210 kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ikafika Mpanda mwaka 1950, na ilichokuwa inakifuata ni mawe! Mawe yenye madini ya risasi, yale yanayotiwa kwenye betri za magari, kutoka machimbo ya Mukwamba. Sisi abiria tulidandia tu.

Sasa shika hapo. Machimbo yenyewe yalifungwa mwaka 1960, miaka 10 tu baada ya reli kufika! Umewahi kuona mtu anajenga njia ya kilomita 210, anaitumia miaka 10, halafu anafunga biashara? Mwenye machimbo aliondoka, reli ikabaki, mji ukabaki, na treni mpaka leo inakuja.

Je, wajua jina la kampuni iliyokuwa ikichimba? Uruwira Minerals. Naam, Uruwira hii hii ya kwetu, ambayo leo ni kata katika Halmashauri ya Nsimbo. Na ukiwa huko Nsimbo, pita pia kwenye kata inayoitwa Machimboni. Hapo sina la kuongeza.

Ulidhani mawe ya Mukwamba yalikuwa na risasi peke yake? Thubutu! Mlikuwa na shaba, mlikuwa na fedha, mlikuwa na dhahabu. Jiwe moja, madini manne.

Chukua ndoo ya lita 20, ile ile ya kuchotea maji. Ikijaa maji ni kilo 20, unajitwika kichwani na safari inaendelea. Sasa chonga jiwe la galena, ndilo jiwe linalobeba risasi, liijaze ndoo hiyo pasibaki hata upenyo: kilo 150! Nani atakutwisha?

Na ukiligonga nyundo jiwe hilo la galena, halipasuki ovyo. Linakatika vipande vya pembe nne vinavyong'aa, na ukikigonga kipande kinatoa vipande vidogo vya pembe nne vilevile. Gonga tena. Vilevile!

Je, wajua kwamba mzigo wa Mukwamba ulikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kwa reli kabla ya kuiona bahari? Mpanda, Kaliua, Tabora, Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam, ndipo meli. Lakini kuna mawe ya Katavi ambayo bahari yaliijua zamani. Sogea karibu, maana hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Katika miamba ya Ubende, ukanda wa kale unaopita mkoani kwetu, wanajiolojia wamekuta mawe ambayo asili yake ni sakafu ya bahari! Yalizama chini sana ardhini, yakabanwa na kupikwa, kisha yakarudi juu, na umri wake ni karibu miaka bilioni 1.9. Dinosari wa kwanza walitokea miaka milioni 230 hivi iliyopita, yaani juzi. Mkoa wa Katavi wenyewe ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, kwa hiyo tusiyaringie mawe.

Pete ya dhahabu ya gramu 5 kidoleni mwako inaweza kuwa imetoka kwenye tani nzima ya mawe! Migodi mingi duniani huridhika ikipata gramu hizo chache katika kila tani. Kwa hiyo ukipita Dirifu, Magamba au Ibindi ukawaona wachimbaji wadogo wakipandisha viroba vya mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, usiulize kwa nini viroba ni vingi.

Je, wajua namna ya kupasua mwamba bila baruti? Unawasha moto mkali juu yake, unaacha uive, halafu unaumwagia maji au unaupiga nyundo, na wenyewe unatoa ufa. Wachimba mawe wa hapa nchini bado wanafanya hivyo, na Livy, mwandishi wa Roma ya kale, alisimulia kwamba Hannibal alipasua mwamba wa milima ya Alps kwa moto na siki, akapitisha jeshi lake na tembo. Siki, jamani!

Wenzetu wa Kilwa walikuwa na bahati. Baadhi ya tumbawe walilojengea majumba na misikiti walilikata majini likiwa bichi na laini, wakalichonga walivyotaka, kisha likaachwa likauke liwe gumu. Mpanda ukingoja jiwe lilainike utangoja sana.

Unapenda lami? Barabara ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga ina zaidi ya kilomita 340. Piga hesabu na mimi: tabaka moja tu la mawe, upana mita 7, unene sentimita 20, ni meta za ujazo 1,400 kwa kila kilomita. Kwa lori la meta 10 hizo ni safari 140, na hapo ni kilomita moja! Zidisha kwa 340 uone: safari 47,600.

Msaragambo unadhani ni wetu peke yetu? Uingereza, mwaka 1555, ilitungwa sheria iliyowataka watu wa kila parokia kutengeneza barabara zao siku 4 kwa mwaka, bila malipo! Mwaka 1563 zikawa siku 6, na wasimamizi wakaruhusiwa kuchukua mawe kwenye machimbo bila kumwomba mwenyewe. Utaratibu huo ulidumu mpaka mwaka 1835. Kwa hiyo siku mwenyekiti wa kijiji akikuita kusomba mawe ya darasa, shukuru hujaambiwa siku 6.

Na mwisho, kwa wewe mwenye rundo la kokoto nyuma ya nyumba. Je, wajua kwamba kisheria kokoto ni madini? Mchanga nao ni madini! Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inayaweka kwenye kundi la madini ya ujenzi, na leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Mtanzania tu, kwa miaka 7, kisha anaomba upya. Yule mama anayeponda kokoto kwa nyundo kando ya barabara yumo kwenye sekta moja na wenye migodi ya dhahabu ya Geita. Mpe heshima yake, na usimpunje bei ya ndoo.