Kava za Gitaa: Kabla ya Rangi, Uliza Zimetengenezwa kwa Nini

Nikitaja pikapu leo sisemi gari la mizigo. Wapiga gitaa la umeme huviita hivyo vile visanduku vilivyo chini ya nyuzi, vyenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, umeme mdogo huzuka ndani ya waya ule na kupelekwa hadi kwenye spika. Juu ya visanduku hivyo huvikwa kava, na swali ninaloulizwa kila mara ni moja: niweke nyeupe, nyeusi au za kung'aa?

Mimi ni mtu wa Pwani, ila riziki imenileta Kakamega, ambako natengeneza magitaa ya bendi za harusi na za makanisani. Vijana wengi wanaamini kava nyeusi hutoa sauti nzito, na wako radhi kutumia malipo ya harusi nzima kuzinunua. Si kweli. Kava ya plastiki haibadilishi sauti, iwe ya rangi yoyote, kwa sababu sumaku haijui rangi. Hapo chagua kwa jicho lako. Jua tu kwamba nyeupe hugeuka manjano kwa jua na miaka, na nyeusi huficha uchafu wa vidole.

Kwenye kava za chuma ndiko pesa hupotea. Mbili zinaweza kung'aa sawasawa kwa kromu au rangi ya dhahabu, kumbe ndani ni vitu tofauti. Nzuri ni za mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, kwa kuwa haupitishi umeme kwa wepesi. Za shaba ya manjano huupitisha zaidi, na umeme unaozunguka ndani ya kava hula sauti nyembamba za juu, gitaa likasikika kama limefunikwa blanketi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nenda dukani na sumaku ndogo: kava ikiinasa kwa nguvu, ni ya chuma cha pua au bati, iache. Muulize muuzaji kuhusu shaba, maana sumaku haitakutambulishia hiyo. Kava ya chuma pia lazima ilehemiwe kwenye waya wa ethi, la sivyo gitaa litavuma.

Kwenu Lamu, Kilifi na Mombasa, upepo wa chumvi na jasho hufifisha nikeli upesi. Kromu hustahimili zaidi, na plastiki haina wasiwasi huo.

Halafu pima. Kwa kava zenye matundu sita, chukua rula upime kutoka katikati ya tundu la kwanza hadi katikati ya la sita. Mara nyingi ni milimita 48, 50 au 52. Tofauti ya milimita mbili yatosha kava isiingie, na ukiilazimisha unaweza kukata ule waya mwembamba; hapo pikapu nzima imekufa.

Huku ndiko nyumbani kwa omutibo, mtindo uliovuma kwa vidole vya George Mukabi, aliyefariki 1963. Yeye alipiga gitaa kavu, lisilo na pikapu hata moja. Kwa hiyo kijana mwenye pesa kidogo namshauri aanze na nyuzi mpya. Kava zifuate baadaye, na aende dukani na ile ya zamani mkononi.