Printa imekufa? Kabla ya kununua nyingine, uliza wino wake

Ngara. Zipo familia Murusagamba ambazo wajukuu wanamfahamu babu yao kwa picha moja tu, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyopigwa studio miaka mingi iliyopita.

Picha hiyo ikianza kuliwa na unyevu, hupelekwa kwa mwenye printa ili kila mtoto apate nakala yake. Hapo ndipo babu anapotoka na uso wa kijani, au mwekundu, na baada ya muda ukutani anapauka.

Kwa mzazi mwenye stesheneri ndogo, au anayechapisha nyumbani, kufa kwa printa ya zamani ni nafasi ya kuondokana na tatizo hilo. Lakini kwanza fundi ahakikishe imekufa kweli. Printa iliyokaa wiki nyingi bila kazi huenda imeziba tu kwa wino uliokauka, na ikasafishwa ikapona.

Kwa nini sura inageuka kijani?

Printa nyingi za bei nafuu zina wino wa aina nne: mweusi, wa njano, wa bluu na wa waridi. Ili kupata kijivu cha shavu au cha kanzu, zinachanganya rangi hizo. Rangi moja ikizidi kidogo, picha nzima inaifuata.

Baadhi ya printa zina wino mweusi wa maandishi, ambao haushiki vizuri kwenye karatasi ya picha inayong’aa. Printa huuacha na kuunda weusi kwa rangi tatu zilizobaki.

Maswali ya dukani

Swali la kwanza: ina wino wa kijivu? Epson L8180 na Canon G640 ni printa za matangi zenye wino wa aina sita, ukiwamo wa kijivu. Epson SureColor P700 ina wino wa aina 10, unaodumu zaidi bila kupauka, lakini gharama yake inafaa studio yenye wateja kuliko familia.

La pili: wino wake halisi unapatikana wapi? Kama ni lazima uagizwe Mwanza, piga hesabu ya nauli na siku za kusubiri. Wino wa kubahatisha huharibu rangi na unaweza kuziba printa.

La tatu: naweza kuijaribu? Nenda na picha ya babu kwenye simu, ichapishwe kwenye karatasi ya picha. Itazame ndani chini ya taa, kisha nje mchana. Kama kijivu kinageuka rangi, endelea kutafuta.

Ikifika nyumbani

Printa ya matangi isafirishwe ikiwa imesimama, na ni vizuri ijazwe wino baada ya kufika. Izimwe kwa kitufe chake, si kwa kuchomoa waya, ili kichwa cha wino kijifunike. Chapisha walau ukurasa mmoja wenye rangi kila wiki.

Chupa za wino ziwekwe mbali na watoto. Bomba la sindano lililonyonya wino lisitumike tena kumpimia mtoto dawa, hata likioshwa. Mtoto akimeza wino, asilazimishwe kutapika. Asukutue mdomo, kisha apelekwe kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe.

Kama nyumbani mnachapisha picha tatu au nne tu kwa mwaka, printa mpya haina ulazima. Picha iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, kisha ichapishwe studio kubwa. Ile ya awali isitupwe: itunzwe kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na jua.