Kiingilio ni Hesabu Ndogo: Mgeni Huacha Nini Kitui na Makueni?

Hifadhi ya South Kitui ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,833. Hifadhi ya Masai Mara ina 1,510. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, Kaunti ya Narok ilikusanya takriban shilingi bilioni 4.75 za mapato yake yenyewe, na sehemu kubwa ilitoka Mara. South Kitui ndiyo kubwa, na inapakana na Tsavo Mashariki, lakini Wakenya wengi hawajawahi hata kulisikia jina lake.

Tusikimbilie kusema Kitui igeuzwe Mara. Mara ina msafara wa nyumbu na jina lililojengwa kwa miongo mingi. Utajiri wa Kitui na jirani yake Makueni umetawanyika katika sehemu ndogondogo: jabali la Nzambani karibu na mji wa Kitui, mlima Nzaui, vilima vya Mbooni na Kilungu, chemchemi za Umani katika msitu wa Kibwezi, na vilima vya Chyulu vinavyopita mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Swali la maana ni hili: sehemu hizi zina thamani gani kwa watu wanaoishi kando yake?

Wateja wako karibu

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, na barabara ya Mombasa pamoja na reli ya kisasa iliyofunguliwa 2017 huwafikisha Emali, Kibwezi na Mtito Andei kwa saa chache. Kwa hiyo soko la kwanza si mtalii wa kutoka Ulaya. Ni kikundi cha kanisa, wanafunzi, chama cha akina mama, na vijana wanaopanda milima Jumamosi.

Hesabu ya mgeni mmoja

Tufanye hesabu ya mfano, kwa bei za kukadiria. Mgeni analipa kiingilio cha shilingi 200, anakula chakula cha 400, na mchango wake kwa mwongozaji ni 200. Nauli tuiache kando kwa sababu nyingi hubaki na wenye magari wa Nairobi. Mgeni huyo akirudi jioni, ameacha shilingi 800 mashinani. Akilala, anaongeza malazi ya 2,000 na chajio pamoja na kiamshakinywa cha 600. Sasa ameacha 3,400, zaidi ya mara nne.

Tuseme wageni ni 10,000 kwa mwaka. Wote wakirudi jioni, wenyeji wanapata shilingi milioni 8. Robo yao wakilala, wageni 7,500 wanaacha milioni 6 na wale 2,500 wanaacha milioni 8.5. Jumla ni milioni 14.5. Pato limepanda kwa asilimia 81 na hakuna mgeni hata mmoja aliyeongezeka.

Na langoni? Katika hali zote mbili kiingilio ni milioni 2 zilezile. Kaunti inayotazama kitabu cha risiti pekee itasema hakuna kilichobadilika, ilhali mwenye gesti, mama mwenye hoteli, mwenye bodaboda, muuza asali na mkulima wa ndengu na maembe wameona tofauti mfukoni.

Gharama nazo zipo. Walinzi watatu wakilipwa 20,000 kwa mwezi ni 720,000 kwa mwaka. Vyoo, taka na ukarabati wa njia tuviwekee 500,000. Jumla ni 1,220,000. Kiingilio kinalipia matunzo na kubakiza 780,000. Hiyo ndiyo kazi ya kiingilio: kutunza mahali. Faida yenyewe iko nje ya lango.

Thamani isiyo na risiti

Kuna pia watu wanaopumzika mtoni au mlimani bila kulipa chochote. Mwaka 1947 mchumi Harold Hotelling aliishauri idara ya hifadhi za taifa ya Marekani ipime thamani ya hifadhi kwa kuangalia gharama ambazo watu wako tayari kubeba ili wafike: nauli, mafuta, muda. Anayesafiri kutoka mbali ametuonyesha, kwa vitendo, kwamba mahali pale pana thamani kubwa kuliko kiingilio.

Kenya ina mfano wake. Utafiti wa Ståle Navrud na Eric Mungatana, uliochapishwa 1994, ulikadiria thamani ya kutazama wanyama katika Ziwa Nakuru kuwa dola milioni 7.5 hadi 15 kwa mwaka, na zaidi ya theluthi moja ilitokana na ndege aina ya heroe. Heroe wakihama, thamani hiyo inahama nao.

Maji ndiyo mtaji

Somo hilo linaigusa Kibwezi moja kwa moja. Mvua inayonyesha Chyulu hupenya kwenye miamba ya volkano na kutokeza chini kama chemchemi. Umani hulisha mto Kibwezi, unaoteremka hadi mto Athi. Chemchemi za Mzima, upande wa Tsavo Magharibi, husaidia kuinywesha Mombasa. Shirika la Sheldrick limekuwa likisaidia kuutunza msitu wa Kibwezi tangu 2008, na 2014 lilifungua Umani kituo cha kulea ndovu mayatima. Bila msitu hakuna chemchemi, na bila chemchemi hakuna cha kumleta mgeni.

Kwenye mito ya msimu kama Tiva na Thwake, mtaji ni mchanga. Tukikadiria kwamba asilimia 30 ya ujazo wa mchanga uliolowa ni maji, lori la mita za ujazo 10 linaondoka na nafasi ya kuhifadhi lita 3,000, yaani mitungi 150 ya lita 20. Mchanga unauzwa mara moja, na nafasi ya maji inakosekana kila kiangazi hadi mto uulete mwingine. Ndiyo maana Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, na Kitui ikapiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga nje ya kaunti mwaka 2018. Lakini marufuku humwambia kijana asiuze nini, bila kumwambia auze nini. Uongozaji wa wageni, malazi na chakula ni sehemu ya jibu.

Athi nao una deni la Nairobi, kwa sababu mito ya jiji humwaga uchafu wake humo. Bwawa la Thwake, linalotegemea maji hayo na lenye ukuta wa mita 80.5, limekusudiwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Ziwa la ukubwa huo lingeweza kuwa na boti, samaki na hoteli za wenyeji. Maji yakiwa machafu, hakuna mzazi atakayepeleka watoto wake kando yake.

Tuanze kuhesabu

Marekani ilianza kutoa takwimu za pato la burudani za nje mwaka 2018. Kwa mwaka 2023 zilionyesha dola bilioni 639.5, sawa na asilimia 2.3 ya uchumi wake. Pato la kila kaunti hapa Kenya linachapishwa tangu 2019, na malazi na chakula vina safu yake, ila safu hiyo haituambii nani alikuja kwa ajili ya Nzaui.

Kaunti hizi mbili zinaweza kuanza na daftari katika sehemu tano tu, lenye maswali manne: umetoka wapi, mko wangapi, utalala, umetumia shilingi ngapi hapa. Majibu ya mwaka mmoja yangewapa mawaziri wa kaunti namba za kuweka mezani wakati wa bajeti, pale fedha za msitu na chemchemi zinapopunguzwa kwanza kwa sababu hakuna aliyeonyesha zinarudisha nini.