Kuhesabu Uchungu wa Bia

Tusichanganye ukali wa pombe na uchungu wake. Ukali watokana na kileo; uchungu hutiwa, upate kupunguza utamu wa kimea. Wachaga hutia gome la msesewe katika mbege, wakaonja. Wapikao bia nyumbani huko Ulaya na Marekani hutia maua ya hopi, nao huhesabu. Tuseme gramu 40, zenye asidi ya alfa sehemu 5 katika 100, yaani miligramu 2000. Asidi hiyo haiwi chungu sana mpaka ichemshwe. Kwa saa moja yapata robo hugeuka, ndiyo 500. Igawanye kwa lita 20: kila lita ina miligramu 25, ndivyo vipimo 25 vya uchungu. Maua yakitiwa mwishoni, harufu hubaki, bali uchungu huwa haba.